Ukurasa wa Vijana na Kazi: Mtoto anataka kusomea mbao? Ulizeni staji kwanza

 

Mwezi huu ninajibu swali ambalo linanifuata kila ninapotoka darasani: mtoto amemaliza S3, anasema anataka kusomea mbao, tumujibu nini? Wazazi wananiletea swali hilo kwa njia mbili. Mama mmoja aliniambia: «Mwalimu, huyu mutoto kichwa yake haiko ya masomo, umuandikishe kwa mbao.» Papa mmoja yeye alikuja na hasira: «Nilikimbia na watoto wangu ili wakuwe madaktari, si kupiga misumari.» Kwa heshima yote ninayowapa, Mama na Papa, nyote wawili munaongea juu ya kazi ya zamani. Ninaomba munisikilize kidogo.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Kule kwetu Goma na Rutshuru tunasema menizie au sharpantie, Wanyarwanda wanasema umubaji, Watanzania na Wakenya wanasema seremala. Ila ndani ya jina hilo moja kuna kazi mbili. Kuna fundi wa vitu vinavyohama: kitanda, meza, kiti, kabati la nguo. Huyo tunamujua sote, kila kijiji kina wake. Halafu kuna fundi wa mbao za nyumba: milango na fremu zake, madirisha, ngazi, plafo, makabati ya jikoni yanayoshikwa na ukuta, kaunta ya hoteli, mbao zinazofunika ukuta wa ofisi. Ukitelemka mpaka kando ya ziwa hapa Gisenyi, tazama zile nyumba za hoteli kwa ndani, si kwa nje tu. Simenti na matofali vimefanywa na maçon, lakini kile mgeni anachogusa kwa mkono wake, mlango, ngazi, kaunta, kitanda kilichojengwa ukutani, ni mbao. Kila nyumba inayojengwa Rubavu au Goma inamungoja huyo fundi wa pili.

Tofauti yao ni nini? Kitanda kikiwa kirefu kwa sentimita moja, hakuna anayelala vibaya. Mlango ukiwa mpana kwa sentimita moja, haufungi. Fundi wa nyumba anakuta ukuta umekwisha kusimama, na ukuta huo karibu kila mara haukunyooka. Juu upana ni 90, katikati 89, chini 91. Anapaswa kupima sehemu tatu, kuangalia kama umesimama wima, halafu kutengeneza kitu kinachoingia hapo na kuacha nafasi ya milimita mbili ao tatu tu kila upande. Ndiyo maana kazi hiyo inasomewa.

Tena si kazi ngeni kwetu watu wa Kiswahili. Kule pwani, Zanzibar na Lamu, nyumba ya mtu mkubwa ilijulikana kwa mlango wake. Ni milango ya mbao nzito yenye nakshi, mbao mbili zinazofunguka, na katikati ule mti wa kusimama unaoitwa mfaa, ambao mbao hizo zinafungia juu yake. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na mji wa Lamu mwaka 2001, na milango hiyo ni sehemu ya yale watu wanayovuka bahari kwenda kuyaona. Aliyeichonga ni fundi wa mbao, Papa, si daktari. (Hapa karibu yetu, Nyundo, kuna shule ya sanaa tangu mwaka 1952 na uchongaji unafundishwa pale. Ila musichanganye: mchongaji wa sanamu na fundi wa milango ni masomo mawili tofauti, hata kama wote wanashika patasi.)

Sasa kwa yule Mama wa «kichwa haiko ya masomo». Nikuonyeshe hesabu moja tu. Tunatengeneza mlango wa upana wa sentimita 80. Mbao mbili za kusimama, kila moja ina upana wa sentimita 10. Zile mbao tatu za kulala, zinazounganisha hizo mbili, tuzikate urefu gani? Mtoto asiyefikiri anasema 80 toa 20, ni 60. Anakata tatu. Amezipoteza zote tatu. Alisahau kwamba ubao wa kulala unaingia ndani ya ule wa kusimama kwa ulimi, na ulimi huo, tuseme, ni sentimita 6 kila upande. Jibu ni 72. Ubao ukikatwa mfupi hauwezi kurefushwa, na ubao ni feza. Halafu atahakikisha pembe ni sawa: anapima 60 upande huu, 80 upande ule, na kutoka alama hadi alama inapaswa kuwa 100 kamili. Ni ile nadharia ya Pitagora ambayo wanafunzi wangu wa jioni wanalalamika kwamba haina kazi maishani. Mwisho anapima mlango kutoka kona hadi kona, mara mbili. Zikitofautiana, mlango umepinda. Mtoto aliyeshindwa hesabu kabisa atateseka kwa mbao kuliko kwa masomo mengine. Mtoto wa kumpeleka huko ni yule anayependa kupima, anayerudia kuangalia, anayekasirika akiona kitu kimekaa upande. Hata msichana. Mashine za leo zinafanya ile kazi ya nguvu ambayo watu waliisema kuwa ya wanaume, na jicho la kupima halina dume wala jike.

Jambo jingine linalosomwa, ambalo fundi wa kujifunzia njiani mara nyingi halijui vizuri, ni maji ndani ya mbao. Hapa nitakaa kidogo maana ndipo feza nyingi zinapopotelea.

Misitu mingi iliyopandwa Rwanda ni ya mikaratusi. Kuna pia grevilea, misunobari na misipiresi, na mbao ngumu kama libuyu na muvula zinatoka Kongo. Mkaratusi unakua haraka, unapatikana, bei yake si kali. Lakini ukiupasua leo na kutengeneza mlango kesho, baada ya miezi michache mlango huo unajikunja kama chapati na kupasuka. Watu wanasema fundi ni mwizi. Mara nyingi hakuiba, ubao haukukauka.

Mti uliokatwa jana unaweza kuwa na maji yenye uzito kuzidi nusu ya uzito wa mbao yenyewe ikiwa kavu. Wanafunzi wanajifunza kupima hivi: unakata kipande, unakipima kwa mizani, unakikausha kwa moto wa polepole mpaka uzito wake usishuke tena, unapima tena. Tuseme kilikuwa gramu 600, kimebaki 500. Maji yalikuwa gramu 100. Ugawanye 100 kwa 500, unapata asilimia 20. Kwa mlango wa ndani ya nyumba tunataka karibu asilimia 12, kwa hiyo ubao huo bado. Ubao hauanzi kupungua mpaka maji yashuke chini ya asilimia 30 hivi, na kutoka hapo unapungua kwa njia isiyo sawa: kwa urefu karibu hapana kabisa, lakini kufuata zile duara za mti unapungua karibu mara mbili kuliko kuelekea katikati ya mti. Ndiyo sababu unajikunja, na si uchawi.

Dawa yake ni subira. Mbao zinapangwa chini ya paa, mbali na jua kali, na vijiti kati ya kila safu ili upepo upite, na ncha zake zinapakwa rangi ili zisikauke haraka kuliko katikati. Wazee wa kazi wanahesabu karibu mwaka mmoja kwa ubao wa unene wa sentimita mbili na nusu. Wenye feza wana tanuru ya kukaushia. Na hata ubao mkavu unaendelea kupumua: wakati wa mvua, kuanzia Machi hadi Mei na tena mwisho wa mwaka, unavimba, kiangazi unapungua. Kwa hiyo fundi aliyesoma, akitengeneza mlango wenye paneli katikati, ile paneli anaiingiza kwenye mfereji wa mbao za pembeni bila gundi. Anaiacha huru ivimbe na kupungua. Mwanafunzi wa siku ya kwanza anafikiri gundi nyingi ndiyo ufundi, na paneli yake inapasuka katikati.

Basi masomo yenyewe yakoje? Hapa Rwanda, baada ya S3 mtoto anaweza kwenda shule ya ufundi na kusoma ngazi ya 3, ya 4 na ya 5, miaka mitatu, sawa na S4 mpaka S6, na mwisho anafanya mtihani wa taifa. Masomo ya mbao yamo kati ya fani hizo. Kuna pia mafunzo mafupi ya miezi kwa wale ambao hawakufika S3. Anayefaulu vizuri ngazi ya 5 anaweza kuendelea kwenye vyuo vya Rwanda Polytechnic, ambayo ilianzishwa mwaka 2017 na ina vyuo vinane, vikiwemo cha Musanze na cha Karongi ambavyo si mbali sana na sisi. Ila fani zinatofautiana chuo kwa chuo, muulize kabla ya kuota. Mwenye ndugu Tanzania ajue kwamba Moshi kuna Chuo cha Viwanda vya Misitu, ambacho kazi yake yote ni upasuaji wa magogo, ukaushaji na mashine za mbao. Kwa ndugu zetu wa kambi ya Kakuma, Kenya, Don Bosco wamefundisha useremala kwa miaka mingi. Na wengi wenu munaikumbuka Don Bosco Ngangi ya Goma. Baadhi ya mapapa wanaosoma ukurasa huu walishika randa yao ya kwanza pale.

Lakini mimi ninasema hivi: musichague shule kwa uzuri wa ukuta wake wala kwa jina. Ulizeni staji.

Staji ni ule muda ambao mwanafunzi anatoka shuleni na kwenda kufanya kazi kwenye atelie ya kweli, na wateja wa kweli, chini ya fundi. Katika masomo ya ufundi ya Rwanda staji imewekwa ndani ya programu, si zawadi. Na si hapa tu. Ujerumani, kijana anayejifunza useremala anafanya miaka mitatu hivi: siku nyingi za wiki yuko kwenye atelie, siku moja ao mbili yuko shuleni, na mwishoni anatengeneza kitu alichokichora mwenyewe, kinapimwa na wakubwa wa kazi. Wazungu wana feza za kujenga madarasa mazuri kuliko yote, na bado hawaamini kwamba fundi wa mbao anaweza kutoka darasani peke yake.

Kwa nini? Shuleni ubao unaletwa ukiwa umenyooka, mwalimu anasubiri, na kitu kikiharibika unapata alama 8 kwa 20. Kwenye atelie mteja anakuja kesho saa mbili na amelipa nusu. Ukuta wake umepinda. Umeme umekatika tangu asubuhi. Tripleksi uliyoagiza imekuja nyembamba. Hapo ndipo unajifunza kuhesabu bei: ubao wa mita 4, upana sentimita 20, unene sentimita 2 na nusu, ni sehemu ya 50 ya meta kibu moja. Mlango unakula mbao ngapi, ngapi zinakwenda kwa makapi, verni kiasi gani, siku ngapi za mtu. Kijana mwenye vyeti asiyejua kutaja bei anafanya kazi wiki nzima na kumaliza na deni. Nimewaona.

Staji hizo zinapatikana wapi? Rwanda mafundi wengi wanakusanyika mahali panapoitwa agakiriro, ambapo kuna maduka, mashine na atelie nyingi pamoja. Ile inayojulikana zaidi ni ya Gisozi, Kigali, na Rubavu yetu pia ina mahali pa namna hiyo. Uzuri wake ni kwamba kijana anaona mafundi ishirini badala ya mmoja: huyu anafanya milango tu, yule makabati ya jikoni, mwingine anakodisha mashine ya kunyoosha mbao kwa saa. Ubaya wake ni moto. Gisozi imeungua zaidi ya mara moja katika miaka ya karibuni, na ukifikiri utaelewa: unga wa mbao, verni, rangi, nyaya za umeme, vyote chini ya paa moja. Kijana atakayewekwa kufagia unga wa mbao wiki ya kwanza asione ni dharau. Lakini akifagia mpaka wiki ya nne, hiyo si staji tena. Hiyo ni kazi ya bure.

Na hapo ndipo ninataka wazazi musimame imara. Kuna atelie zinazopenda stajere kwa sababu hawalipwi. Kijana anabeba mbao, anapiga msasa, ananunua chai, na siku ya mwisho kitabu chake cha staji kinasainiwa kana kwamba alijifunza kila kitu. Kitabu hicho kiangalieni. Kila siku inapaswa kuandikwa: leo nilifanya nini, na chombo gani, nani alinionyesha. Mwalimu wa shule anapaswa kufika angalau mara moja kumuona. Usipojua kusoma, Mama, umuombe mtoto akusomee jioni. Ukisikia «nilibeba mbao» siku kumi mfululizo, uende shuleni ukaseme. Una haki hiyo kama mzazi mwingine yeyote. Na ukipata nafasi, uende ufike kwenye atelie yenyewe mara moja. Si kwenda kugombana. Umsalimie fundi, umwambie huyu ni mtoto wangu, nimekuja kuona pale anapokaa mchana. Fundi anayemjua mzazi anamuangalia mtoto kwa jicho lingine.

Ukifika pale uangalie mashine. Msumeno wa duara una kifuniko ao hauna? Mashine hiyo inaweza kukirudisha kipande cha ubao kwa nguvu kifuani mwa mtu, na kidole hakirudi. Mtoto asivae shati la mikono mirefu inayoning'inia, asivae glavu karibu na kisu kinachozunguka kwa sababu kinaivuta pamoja na mkono, na msichana afunge kitambaa na nywele vizuri. Na vumbi: tangu mwaka 1995 shirika la dunia la utafiti wa saratani limeweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyojulikana kuleta saratani, hasa ya pua. Kitambaa cha pua si uoga. Muulize pia, kabla ya siku ya kwanza, mtoto akiumia nani atampeleka hospitali na nani atalipa. Kama shule na atelie wanaangaliana tu bila kujibu, mutafute atelie nyingine.

Sasa mambo yetu sisi wakimbizi, maana hayo yote Mnyarwanda wa Rubavu naye anayapitia, lakini sisi tuna mengine juu yake.

La kwanza ni karatasi. Rwanda inamruhusu mkimbizi aliyetambuliwa kufanya kazi, kuajiriwa ao kufungua biashara yake. Kuna wenye atelie hawajui hivyo. Kijana mmoja wa hapa alikwenda na barua ya shule mkononi, mwenye atelie akamwambia «wa kambi hatuchukui, polisi watatusumbua». Alirudi akilia, mtu wa miaka kumi na tisa. Baadaye mwalimu wake alienda pamoja naye kwa fundi mwingine, akaeleza, na akapokelewa. Kwa hiyo: mtoto asiende peke yake siku ya kwanza. Abebe kitambulisho cha mkimbizi, barua ya shule, na ruhusa ya kutoka kambini yenye tarehe zote za staji, siyo ya siku moja moja. Mwenye karatasi ya kusajiliwa tu, bila kitambulisho bado, apitie kwanza ofisi ya ulinzi ya HCR ao watu wa MINEMA waulize afanyeje. Afanye hivyo miezi miwili kabla, siyo Jumatatu ya kuanza.

La pili ni njia na chakula. Staji ya mjini inataka nauli kila asubuhi, na mtu anayesukuma randa tangu saa mbili hawezi kushinda na njaa. Msaada wa mwezi unahesabiwa kwa watu wa nyumba, haukuhesabu staji. Najua familia nyingine zimemuondoa kijana katikati kwa sababu hiyo, na siwahukumu. Lakini hesabu hiyo muifanye mwanzo, mezani, pamoja naye: wiki ngapi, nauli kiasi gani, nani atasaidia. Fundi mwingine anakubali kumpa stajere chakula cha mchana akiombwa kwa heshima. Mwingine anakubali alale kwa jamaa karibu. Kwa msichana, hilo la kulala mulifikirie mara mbili.

La tatu ndilo linaloniumiza zaidi. Sisi tunahamishwa. Waliopita Nkamira mwaka 2012 walipelekwa Kigeme, kule Nyamagabe. Kati ya waliovuka tangu mwisho wa 2022 wengine wamepelekwa Mahama, kule Kirehe, upande mwingine kabisa wa nchi. Wengine wanapata safari ya ng'ambo, wengine wanarudi nyumbani. Kijana anaweza kuwa ngazi ya 4, katikati ya staji, na jina lake likatoka kwenye orodha ya basi. Je, masomo yamepotea? Yanapotea kama hana kitu mkononi. Hayapotei yote kama ana karatasi ya alama ya kila mwaka yenye muhuri, kitabu cha staji kilichosainiwa, na barua ya fundi inayosema alifanya nini kwa muda gani. Mupige kopi tatu: moja ya nyumbani, moja kwa ndugu anayeaminika, moja kwenye simu kwa picha. Na apige picha ya kila mlango, kila kabati alilotengeneza, na yeye mwenyewe akionekana pembeni. Mwenye atelie wa Kirehe, wa Bukavu ao wa Canada hajui shule yetu, lakini macho anayo.

Niwageukie na mapapa, maana wamo kambini mafundi waliofanya kazi miaka ishirini Masisi na Rutshuru bila cheti hata kimoja. Munakaa mukitazama vijana wakiandikishwa kama vile kazi hiyo si yenu. Rwanda ina utaratibu wa kumpima mtu ujuzi alioupata kazini na kumpa cheti bila kumrudisha kwenye benchi la shule. Chama cha wafanyakazi wa ujenzi na useremala, STECOMA, kimewasaidia mafundi wengi kupitia njia hiyo, na mambo ya vyeti vya ufundi yako chini ya Rwanda TVET Board, RTB, iliyoanzishwa mwaka 2020. Sijui mtu wa hapa aliyekwisha kuijaribu, ningependa awe wa kwanza mwaka huu. Na hata bila cheti: kijana aliyefundishwa na papa yake kushika patasi na kunoa kisu cha randa kabla ya kwenda staji, hawamuweki kufagia wiki nne. Kunoa tu kunamtofautisha. Mimi mwenyewe nilipewa randa na mzee mmoja wa mtaa wetu, nikasukuma dakika kumi, ubao ukatoka na mawimbi kama ziwa siku ya upepo. Akacheka, akaichukua, akainoa dakika tatu juu ya jiwe, akasukuma mara moja, likatoka ganda refu, jepesi kama karatasi. Yule mzee hana A2. Mimi ninayo.

Basi tufanye hivi. Jumatano zote za mwezi huu, saa tisa za mchana, baada ya darasa la watoto, nitakaa kwenye chumba cha pili cha shule. Vijana waliomaliza S3 na wanaotaka mbao walete karatasi ya matokeo, kopi ya kitambulisho ao ya karatasi ya kusajiliwa, na mzazi mmoja. Mapapa mafundi nao waje, hata kama hawana karatasi yoyote. Wakiwa na randa ao patasi iliyovuka nao mpaka, waje nayo. Yule mzee wa mtaa wetu amekubali kuja na jiwe lake la kunolea.

Mwalimu wenu wa kujitolea, darasa la jioni